Mlango Uliosinyaa Mtowisa

Wanangu wa mwaka wa kwanza, mkuu wenu wa chuo alinitembelea nyumbani Milanzi wiki iliyopita. Akakalia kiti nilichotengeneza mwenyewe, akakitikisa kwanza aone kama kitamwangusha, halafu akaniomba niwaandikie maneno mawili matatu kuhusu kujiwekea malengo na kutokata tamaa mkiwa masomoni. Nikamwambia mimi nimefundisha useremala miaka thelathini na moja, kutokata tamaa sijawahi kufundisha. Akasema ni kitu kilekile. Mkuu wenu hajawahi kuranda mbao ya mkaratusi hata siku moja, lakini hapo alisema kweli.

Basi naandika, na naandika kwa penseli ya seremala, ile bapa. Mkikuta herufi nene msidhani nawafokea.

Nianze na malengo yangu mimi, ili mkinicheka mnicheke mapema tuendelee na kazi. Nilikuja Sumbawanga kutoka Mbeya nikiwa kijana mwembamba, nina sanduku la bati na mpango mmoja tu kichwani: nifundishe miaka miwili, nipate uzoefu, nirudi kwetu kufungua karakana. Fundi mkuu wa karakana ya chuo wakati ule alikuwa Mzee Sikazwe, Mfipa wa maneno machache aliyevaa koti la mvua kiangazi na masika. Hakuniuliza vyeti. Alinipa mbao akaniambia nitengeneze kabati la kuwekea vifaa vyangu. Nilipomaliza, kabla sijapaka vanishi, akanipa penseli.

"Panda kwenye stuli," akasema. "Andika pale juu, pasipoonekana, kitu unachokitaka. Ukimaliza paka vanishi."

"Nani atasoma, mzee?"

"Fundi atakayelibomoa."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake kwa kila anayeingia mle, mwalimu kwa mwanafunzi. Kazi yako ya kwanza ya maana unaiandikia lengo lako mahali pa siri: chini ya kiti, nyuma ya droo, au kwenye ukingo wa juu wa mlango, pale kwenye unene wa mbao ambapo hakuna mtu atachungulia. Na mwalimu ni mwiko kusoma. Anayeruhusiwa ni fundi atakayekuja kuifungua ile kazi siku moja ili aitengeneze.

Nilimuuliza kwa nini, maana siku ya kwanza ya muhula wanafunzi husimama mmoja mmoja na kutangaza malengo yao mbele ya darasa. Akasema, "Yale ni ya kupigiwa makofi. Ya kwenye mbao hayapigiwi makofi, kwa hiyo mtu hana sababu ya kudanganya."

Kabati langu lilibomolewa mwaka juzi, mchwa walipoimaliza miguu yake. Wanafunzi wakalipindua, wakafuta vumbi, wakasoma kwa sauti: "Miaka miwili tu, kisha Mbeya." Karakana nzima iliacha kazi kwa kicheko. Jioni nilipomsimulia mke wangu alicheka kuwashinda wote. Yeye ni mtu wa hapahapa Milanzi, na kwenye lile lengo hakuwamo.

Nyie siku hizi mna raha. Mna mashine ya randa inayopitisha ubao upande huu ukatokea upande wa pili umenyooka. Mna kifaa cha kupima unyevu, unakibandika kwenye mbao kinakupa namba. Mkikwama mnafungua simu, yuko mtu wa nchi nyingine anawaonyesha namna ya kuchonga ulimi na tundu vya kuunganishia mbao, tena kwa muziki. Mimi Mzee Sikazwe alinirandisha ubao mmoja wiki nzima. Kila jioni anaweka rula juu yake, anaangalia mwanga unapopita, anasema, "Kesho." Siku ya sita ubao ulikuwa umebaki mwembamba wa kutosha kufunikia sufuria. Akasema, "Sasa umenyooka, ila haufai kitu. Anza mwingine, umeshajua."

Kupima unyevu tulipima kwa shavu. Unaigusisha mbao shavuni, ikiwa ya baridi ina maji, ikiwa ya uvuguvugu imekauka. Shikeni hapo kwenye shavu, nitarudi.

Miaka michache kabla sijastaafu aliingia binti mmoja anaitwa Kabula. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia bondeni Rukwa na ng'ombe wao, wakaweka mji kule Mtowisa. Alifika siku ya kujiandikisha akiwa na begi, kandambili, na nusu ya barua ya kujiunga na chuo. Nusu hasa, imekatika kwa mapindapinda. Karani wa udahili akaigeuza huku na huku.

"Nusu nyingine iko wapi?"

"Tumboni," akasema Kabula.

"Kwa nani?"

"Kwa mbuzi."

Tulielezwa kuwa nyumba ya mama yake ilikuwa na gunia mlangoni badala ya mlango. Mchana watu wakienda shambani, mbuzi wanaingia kama wageni walioalikwa. Wanakula viazi vilivyoanikwa, wanakula unga, na siku hiyo walikula jina la mkuu wa chuo pamoja na muhuri. Karani alimwandikisha hivyohivyo, maana jina la mwanafunzi lilikuwa kwenye nusu iliyopona.

Siku ya kutangaza malengo, Kabula alisimama akasema yeye atakuwa fundi mkubwa kuliko wote katika bonde la Rukwa na ataajiri watu ishirini. Alipigiwa makofi hadi akaona haya. Wenzake walikuwa wameshasema viwanda, magari na maghorofa, kwa hiyo na yeye hakutaka kubaki nyuma. Siwalaumu. Hata mimi ningekuwa pale ningesema Mbeya.

Kazi yake ya mwisho wa mwaka alichagua mlango, wa nyumba ya mama yake. Likizo ya Krismasi alikwenda na futi kamba akaja na vipimo kwenye karatasi. Baba yake, aliyeuza ng'ombe ili binti asome kazi ambayo pale kijijini walizoea kuiona ikifanywa na wanaume, alimwambia neno moja tu: "Nitauona mlango." Msichana akaja nalo hadi Sumbawanga, akalibeba hadi mwisho wa mwaka wa masomo.

Ilipofika Aprili tukaenda stoo kuchagua mbao. Chini zilikuwa mbao za paini zilizopasuliwa juzijuzi. Juu kwenye dari kulikuwa na rundo kavu, limekaa pale miaka miwili limetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite.

"Mwalimu, na hizi za juu?" akauliza.

"Hizo za meza ya kikao ya chuo."

Nikachukua ubao wa chini, nikaugusisha shavuni, nikasema, "Huu unafaa."

Wanangu, Aprili, Sumbawanga, ukungu umekaa mpaka saa nne, kila kitu ni cha baridi shavuni, hata shavu lenyewe. Nilijua hivyo. Lakini nilikuwa nazitunza zile kavu kwa ajili ya meza, kwa sababu meza ya kikao huonwa na wageni, nao huuliza nani ameitengeneza. Mlango wa Mtowisa nani angeuona? Hayo sikuyasema wakati ule hata kimoyomoyo. Nayasema leo.

Kabula akaufanya ule mlango vizuri mno. Nimepitisha wanafunzi wengi na naweza kuhesabu kwa mkono mmoja waliochonga ulimi ukaingia kwenye tundu kwa sauti ile, kama kizibo kinachorudi kwenye chupa yake. Siku ya kuandika lengo nilitoka nje kwa mujibu wa mwiko. Nilimsikia amepanda kwenye stuli, penseli inakwaruza. Haikuchukua muda. Akapaka vanishi, na mwezi Juni ukapakiwa kwenye lori lililokuwa likishuka kuchukua mpunga, yeye amekaa juu ameukumbatia.

Sasa niwaeleze kinachotokea. Mbao mbichi ina maji. Ukiitengeneza mlango ikiwa nayo, itaendelea kukauka ikiwa mlango tayari, na ikikauka inasinyaa. Ikibaki huku juu kwetu penye baridi itasinyaa polepole, na ukifunga jicho moja hutaona. Ukiuteremsha Mtowisa, mahali ambapo kuku hutembea kwa kufuata kivuli, ndani ya wiki chache umekwisha kukauka.

Muhula ulipofunguliwa Kabula hakuwapo. Siku ya kwanza nikasema barabara imemchelewesha. Siku ya nne nikamwita Neema, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Neema akatoa simu, akanionyesha kundi la darasa lao. Kabula alikuwa ameweka picha ya mlango. Kati ya ubao na ubao pengo la kidole kizima, na pembeni mwa fremu pengo la vidole viwili, mwanga unapita kama kwenye ungo. Chini yake ameandika: "Nimekosea wapi?" Na chini ya hapo washikaji zake, ambao mimi ndiye nimewafundisha, wameandika: "Mlango wenye feni." "Hongera, umetengeneza mlango na dirisha kwa pamoja." Mmoja ameweka vikatuni vya kucheka vinane.

"Amesema harudi, mwalimu," Neema akasema. "Anasema yeye si fundi. Anasema alisimama mbele za watu akataja watu ishirini, na mlango mmoja umemshinda."

Niliona aibu. Sijui niwaambieje zaidi ya hapo. Niliingia stoo, nikachukua mbao mbili kavu kutoka kwenye rundo la meza, nikazichana vipande vyembamba. Jumamosi nikashuka Mtowisa nikiwa na vipande hivyo, randa, gundi na bisibisi. Nilianza safari nimevaa sweta mbili. Nilifika na fulana, sweta zimefungwa kiunoni, naonekana kama mtu anayekimbia vita.

Wazazi wake walinipokea kwa heshima ambayo sikustahili. Kabula alitoka nyuma ya nyumba na ndoo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Akatazama chini, akaweka ndoo, akakaa mbali.

Baba yake akaniketisha ndani, mlango umefungwa ili joto lisiingie, ingawa lilikuwa linaingia kwa nafasi. "Mwalimu," akasema, "mimi sina ugomvi na huu mlango. Nikikaa hapa nawaona ng'ombe wangu bila kufungua."

Yule mzee alikuwa anasifu. Naapa alikuwa anasifu, maana alinisogeza kiti ili na mimi niwaone ng'ombe. Lakini nje, binti yake alisikia dhihaka, akasimama akaenda zake zizini. Nikamfuata.

Tukasimama pale kwenye miiba ya boma. Nikamwambia habari ya shavu. Nikamwambia habari ya meza ya kikao. Nikamwambia, "Ulimi na tundu ulivyochonga havina kasoro. Mbao nilizokupa ndizo zina kasoro, nami nilijua, na nilikuwa na nzuri zaidi juu ya kichwa changu."

Akamkuna ndama kichwani. "Unasema hivyo ili nirudi."

"Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Usiporudi itabaki kuwa kweli."

"Mimi nilisema watu ishirini, mwalimu."

"Nilikusikia. Mimi nilisema miaka miwili tu Sumbawanga, kisha nirudi Mbeya."

Hapo alicheka kidogo, bila kutaka. Nikaona niache maneno, maana mtu aliyevunjika moyo ukimzidishia mawaidha unamchosha. Ukimpa upande mmoja wa kitu kizito akishike, huwa anashika. Nikamwambia, "Njoo tuuteremshe. Mimi mgongo hauniruhusu peke yangu." Mgongo wangu ulikuwa mzima kabisa.

Tukafungua bawaba, tukaulaza mlango juu ya vinu viwili. Nikaanza kupangusa vumbi ili tujaze mapengo kwa vile vipande. Vumbi la Mtowisa ni jingi, nilipangusa ubavu, nikapangusa chini, nikafika ukingo wa juu. Pale chini ya vanishi kukatokea maandishi ya penseli.

Nikakumbuka mwiko. Halafu nikakumbuka kuwa mimi ndiye fundi niliyeufungua.

Nilitegemea kusoma habari za watu ishirini. Palikuwa na maneno manne tu: "Mbuzi wasiingie kwa mama."

Nikamgeukia mama yake, aliyekuwa kakaa kwenye mkeka anapepeta mchele. "Mama Kabula, tangu mlango huu uwekwe, mbuzi wameingia mara ngapi?"

Akaacha kupepeta. "Mbuzi?" Akafikiri kwa uaminifu, kama anayeulizwa na hakimu. "Hawajaingia. Wanakuja, wanasimama hapo, wanachungulia kwenye matundu wananitazama. Na mimi nawatazama. Basi wanaondoka."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Viazi vyangu si vile pale?"

Tukatazama. Viazi vilikuwa pale, vimeanikwa kwenye ungo katikati ya chumba, vimekauka vizuri, havina hata alama ya jino.

Kabula alisogea akausoma ule mwandiko wake mwenyewe kama umeandikwa na mtu mwingine. Akapitisha kidole juu yake. Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akajifuta kwa kiwiko maana mikono ilikuwa na gundi. "Nilisahau," akasema. "Mwalimu, haki ya Mungu nilisahau kabisa kama nilitaka hiki tu."

Hapa ndipo mkuu wenu angependa niweke mafundisho. Mimi nina moja na si refu. Yale mliyoyatangaza siku ya kwanza yashikeni, si mabaya, na makofi hayaui mtu. Lakini siku mtakapopata alama mbovu, au kazi yenu ikachekwa kwenye simu, msikimbilie kujipima kwa yale ya makofi. Kajisomeeni kwanza mlichoandika kwa penseli. Huenda kimeshatimia, nyie mko nje mnalia. Na kama hakijatimia, angalieni vilevile ni nani aliyewachagulia mbao.

Tukajaza mapengo, tukaranda, tukaunganisha. Safari hii tuliacha nafasi kidogo ya mbao kutanuka masika, kwa sababu mlango wa Mtowisa ni wa Mtowisa, hautengenezwi kwa hali ya hewa ya mwalimu. Maneno hayo ya mwisho Kabula aliyasema mwenyewe, na niliyafundisha miaka yote iliyobaki bila kumtaja. Sasa namtaja.

Baba yake alikuja kutazama tulipokuwa tunakaribia kuurudisha. Akapitisha macho pale mapengo yalipokuwa. Akasikitika. "Sasa ng'ombe nitawaonaje?"

"Utafungua mlango, baba," Kabula akasema. "Mlango hufunguliwa."

Mzee akaniangalia. "Mwalimu, huyu unamchukua au unamwacha?"

"Muulize mwenyewe."

Hakumuuliza. Binti alinyoosha mkono kwangu akaomba penseli. Akainama kwenye ukingo wa juu, chini ya mstari wa kwanza, akaandika mstari wa pili. Mimi nikageuka nikawatazama mbuzi, kwa mujibu wa mwiko. Akapaka vanishi. Tukaupandisha mlango, tukakaza bawaba, akaufunga. Ulifunga kwa sauti ya kushiba. Kisha akaingia kuchukua begi lake.

Meza ya kikao ya chuo chenu, mtakayoiona siku mkiitwa kwa utovu wa nidhamu, ni nyembamba kuliko ilivyochorwa. Imepungukiwa mbao mbili. Mkuu wenu amekuwa akiuliza habari hiyo miaka kadhaa, na jibu lake ndilo hili.

Kabula alimaliza, na sasa ana karakana kulekule bondeni. Watu ishirini hajafikisha. Wako wanne, na mmoja ni yule wa vikatuni vinane, anamwita bosi. Kila nikienda Mtowisa kuwasalimia napitia kwa mama yake, napewa kiti, nakunywa uji. Nikiaga naushika ule mlango na kuutikisa taratibu kwenye bawaba, kuona kama umeanza kulegea, maana ukilegea itabidi fundi aufungue, nami nitakuwa na haki ya kuusoma mstari wa pili.

Haujalegea.